Kijana wa Kiume Atafutwe Kijiweni

Saa kumi na mbili jioni, vijiwe vya Dar es Salaam vina sura moja. Benchi la mbao limeegemea ukuta, bodaboda tano sita zimepangwa kando ya barabara, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, na ubao wa drafti umezungukwa na vichwa vinavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Mazungumzo yakihama kutoka kwenye mpira kwenda kwa wanawake, na kuhama lazima yahame, lugha nayo hubadilika. Kondomu inakuwa "soksi". Ngono bila kinga ni "kavukavu", au "peku". Aliyeambukizwa Virusi vya UKIMWI (VVU) "amekanyaga miwaya". Na anayeulizwa kwa nini hakutumia kinga anatoa jibu alilorithi kwa kaka zake: nani anakula pipi na ganda lake?

Misemo hii ina umri mrefu. Vijana wa mijini wa kizazi kilichopita walilichukua neno AIDS wakalitafsiri herufi kwa herufi: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Kuambukizwa ugonjwa wa zinaa wakakuita "ajali kazini". Wazee walisikia ujeuri mtupu, na ujeuri ulikuwepo kweli. Lakini hakuna anayetania jambo asilolijua. Kijana aliyesema "ajali kazini" alikuwa anakiri kwamba kazi yenyewe ina hatari na kwamba hatari hiyo ameshaipigia hesabu.

Kwa takriban miaka 40 kijana wa kiume amehubiriwa kama mtu asiye na habari. Amebandikiwa mabango, amechezewa ngoma za uhamasishaji uwanjani, amepewa fulana. Wakati huohuo mahali pa kupima, kupata ushauri na kuanza dawa pamejengwa kwa ajili ya watu wengine. Makosa ya kijana huyu ni mengi na makala hii haitayafunika. Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote si lake: mfumo wa afya unamsubiri mahali asipopita.

Takwimu zinalionyesha hilo kwa namna inayohitaji kusomwa polepole. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU uliofanyika Tanzania mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi kwa asilimia 0.6 tu ya wavulana na vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 24. Kwa wasichana wa umri huo ilikuwa asilimia 2.1, zaidi ya mara tatu. Anayeishia hapo atasema vijana wa kiume wako salama, nguvu zote zielekezwe kwa wasichana. Akipanda ngazi ya umri atakuta mambo mengine. Kwa wanaume walioingia miaka ya 40, kiwango kilikuwa takriban watu 8 katika kila 100. Sehemu ya tofauti hiyo ni urithi wa miaka ambayo janga lilikuwa kali zaidi. Sehemu nyingine ni wanaume walioambukizwa wakiwa na miaka 20 na kitu au 30 na kitu, wakaishi na virusi bila kujua, wakaoa, wakaacha, wakaoa tena.

Utafiti huohuo ulipima ni wangapi kati ya wanaoishi na VVU wamefubaza virusi hadi kiwango cha chini. Wanawake walikuwa asilimia 57.5, wanaume 41.2. Dawa zilikuwa zilezile, bure kwa wote, katika vituo vilevile.

Utafiti uliofuata, wa 2022 na 2023, ulileta habari njema ambayo haijasherehekewa vya kutosha. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Katika hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na katika walio kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Bomba linavuja mwanzoni kabisa, kabla mtu hajapima. Akishajua, Mtanzania anameza dawa na dawa zinafanya kazi. Katika huko kutojua, wanaume wako nyuma ya wanawake, na taifa bado linahesabu maambukizi mapya takriban 60,000 kwa mwaka.

Kwa nini hapimi? Twende zahanati ya mtaani, asubuhi ya siku ya kazi. Benchi limejaa kina mama, wengine wajawazito, wengine wamebeba watoto wa kupima uzito. Ukutani kuna picha za kunyonyesha na ratiba ya chanjo. Mwanamke hupimwa VVU karibu bila kuamua: anakwenda kliniki kwa ajili ya mimba, kipimo kinakuja pamoja na kipimo cha damu na cha mkojo. Mwanamume hana mimba ya kumpeleka. Akifika, anafika kwa barua ya wito aliyopewa mkewe, na wengi hawafiki. Wauguzi wanalifahamu vizuri jibu wanalotumiwa kutoka nyumbani: "Mke wangu amepima yuko salama, basi na mimi niko salama." Hiyo ni imani ya hatari, maana wanandoa wengi nchini wameishi mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana.

Basi huyo angalau ana mke wa kumpimia. Kijana wa miaka 21 asiye na ndoa hana hata huo uongo wa kujiliwaza. Yeye ni dereva wa bodaboda, saidia fundi, mpiga debe, au amemaliza chuo na anasubiri ajira. Zahanati inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Hesabu ya tajiri wa pikipiki inadaiwa jioni. Kukaa benchi kwa muda wa saa tatu katikati ya kina mama wa mtaa wake, ambao mmoja ni rafiki wa shangazi yake, ni gharama mara mbili: pesa ya siku, na jina.

Ndiyo maana kituo chake cha afya ni duka la dawa. Linafungwa usiku, muuzaji haandiki jina, na maneno yanaweza kupindwa. Kijana anasimama pembeni mpaka wateja waishe, kisha anasema ana "UTI". Neno hilo siku hizi limebeba kila kitu, pamoja na kisonono. Anapewa vidonge, anameza nusu, maumivu yanakata, nusu iliyobaki anampa rafiki. Usaha ulioletwa na kisonono na kidonda kilicholetwa na kaswende ni milango ambayo VVU hupita kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kijana huyu wakati ule ule anapojificha ndipo anapohitaji kupimwa kuliko wakati mwingine wowote. Dukani hapo hapo, asubuhi ya Jumapili, mwenzake ananunua P2 kwa ajili ya msichana aliyekuwa naye jana. P2 huzuia mimba. Haina habari na VVU. Anayetaka kujua vijana wanaogopa nini asiwaulize, aangalie wanachonunua na saa wanayokinunua. Mimba wanaiogopa kwa sababu ina miezi tisa, ina wazazi wa msichana, ina polisi kama msichana ni mwanafunzi. VVU havionekani kwa macho.

Zamani vilionekana. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la aina ya nguo zilizokuwa zikivuka mpaka kutoka Uganda pamoja na wafanyabiashara vijana, wenye fedha na mvuto. Waliovaa Juliana walikonda mbele ya macho ya kijiji kizima, wakafa. Picha hiyo ndiyo iliyowatisha baba wa vijana wa leo. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure, na kijana aliyezaliwa mwaka huo sasa amevuka miaka 20. Hajawahi kumuuguza mtu aliyebaki mifupa. Kwake hofu ya kifo imepungua, na hilo ni jambo la kushukuru. Iliyobaki ni hofu ya kujulikana, na hiyo haitibiwi na bango lenye fuvu la kichwa.

Lipo jambo moja ambalo lingeweza kuibadilisha hofu hiyo, nalo halijafika vijiweni. Mwaka 2011 utafiti mkubwa uliofuatilia jozi 1,763 za wapenzi, mmoja akiwa na VVU na mwenzake hana, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenza kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikaenda mbali zaidi: mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Maana yake kijana atakayekutwa na VVU leo anaweza kuoa, kuzaa watoto wasio na virusi na kuzeeka. Wanaokwenda kliniki wanaambiwa. Kijiweni bado wanaamini kupima ni kusomewa hukumu, na nani anajipeleka mwenyewe mahakamani?

Hapa kampeni za miaka iliyopita zina lawama yake. "Fataki" ilimchora mtu mzima anayewawinda wasichana, ikafanikiwa kiasi kwamba jina limebaki kwenye lugha. "Tuko wangapi? Tulizana" ilieleza kwa maneno matatu jinsi mtandao wa wapenzi unavyosambaza virusi, na "michepuko sio dili" imeingia hadi kwenye vichekesho vya harusini. Kazi nzuri. Lakini ndani ya kampeni hizo mwanamume ama alikuwa mwindaji, ama mzinzi, ama mlevi. Hakuwahi kuonekana kama mtu anayeweza kuugua na anayestahili kutafutwa mapema. Na Fataki hakuanguka kutoka mbinguni. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti walilinganisha vinasaba vya virusi vya watu wa jamii moja na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona: wasichana na wanawake wa chini ya miaka 25 waliambukizwa zaidi na wanaume waliowazidi takriban miaka minane au tisa. Mwanamume wa miaka 30 anayemwambukiza binti wa miaka 21 alikuwa, muda si mrefu, kijana wa kijiweni ambaye hakuna aliyempima. Kumtafuta yeye ni kumlinda yule binti.

Wapo wanaosema wanaume ni wabishi, hawaendeki. Wakaulize Iringa na Njombe.

Kati ya mwaka 2005 na 2007 majaribio matatu, ya Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda, yalithibitisha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Orange Farm na Kisumu washiriki walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 24, na Kisumu peke yake walikuwa 2,784. Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hiyo mwaka 2007. Tanzania ikaipeleka kwanza kwenye mikoa yenye maambukizi makubwa na tohara chache, Iringa ikiwamo wakati Njombe ilikuwa bado sehemu yake. Ilikuwa kazi ngumu kwa kila kipimo. Kumshawishi kijana wa miaka 19 asiyetoka katika kabila linalotahiri, akatwe sehemu ile, akiwa mzima, kwa ajili ya ugonjwa asioumwa!

Walikuja, wakapanga foleni. Walikuja kwa sababu waliopanga huduma waliuliza kwanza watu wanaishi vipi. Wenyeji waliamini kidonda hupona vizuri zaidi wakati wa baridi, basi kampeni zikawekwa Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa yameingia ghalani na shule zikiwa zimefunga. Wahudumu wakatoka hospitalini wakaenda vijijini, wakafanyia kazi kwenye mahema na madarasa. Lugha ikawa ya vijana wenyewe: "dondosha mkono wa sweta". Hakuna aliyehitaji kamusi, na kijana aliyekuwa akiona aibu kutaja govi aliweza kutaja sweta huku anacheka. Na kila aliyefika mezani alipewa pia nafasi ya kupima VVU. Huo ndio mlango uliokosekana, na ulifunguka kwa kupanga upya siku, mahali na maneno.

Hii haimaanishi kwamba tohara ilimaliza kazi. Inampunguzia mwanamume hatari, haimkingi mwanamke moja kwa moja, na aliyerudi kwenye ngono kabla ya wiki sita za kupona alijiongezea hatari badala ya kuipunguza. Njombe bado inaongoza nchini kwa asilimia 12.7 katika utafiti wa 2022 na 2023, ingawa kiwango kikubwa cha aina hiyo kina maana mbili: maambukizi ya zamani, na watu ambao zamani wangekufa lakini leo wako hai kwa dawa, wanalima viazi na kuchuma chai. Fundisho la mkono wa sweta linahusu kitu kingine. Linahusu nani amfuate nani.

Dar es Salaam nako kumefanyika jaribio linalostahili kusomwa na kila anayepanga bajeti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliingia kwenye "kambi", vile vikundi vya vijana wa kiume wa mtaani vyenye jina, viongozi na kanuni zake. Kambi zipatazo 60, zenye wanaume zaidi ya 1,000, ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata mikopo midogo ya biashara na viongozi wa afya waliochaguliwa na wenzao wenyewe. Baada ya zaidi ya miaka miwili, magonjwa ya zinaa yalikuwa hayatofautiani kati ya mafungu hayo mawili. Ukatili kwa wapenzi nao haukutofautiana.

Matokeo hayo yanauma, na ni afadhali yamesemwa hadharani kuliko kufichwa kwenye kabati. Yanaonyesha kwamba mazungumzo ya kijiweni peke yake, hata yakiongozwa na rafiki na kusindikizwa na mkopo, hayatoshi kumvalisha mtu kondomu saa sita za usiku. Lakini yameacha kitu mkononi: kambi zinafikika, viongozi wake wanasikilizwa, na zinajulikana zilipo. Aliyeweza kupeleka semina pale anaweza kupeleka kipimo.

Kipimo chenyewe kinaingia mfukoni. Ni kijiti chenye ncha bapa kama kijiko kidogo. Anayejipima anakipitisha mara moja juu ya fizi za juu, mara moja fizi za chini, kisha anakichomeka kwenye kichupa chenye maji maalumu. Halafu anasubiri dakika 20. Hakuna sindano, hakuna damu, hakuna benchi la kina mama. Mstari mmoja penye herufi C, hakuna dalili ya VVU. Mistari miwili, aende kituoni akapimwe tena kwa damu kabla ya kuamini chochote. Kama hatari ilikuwa wiki iliyopita, mstari mmoja haumaanishi kitu bado, itabidi arudie baada ya miezi mitatu. Mambo hayo yanaelezeka kijiweni kwa muda mfupi kuliko ubishi wa penalti ya juzi.

Sheria imeshafungua njia. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya UKIMWI, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kuridhia kupima kutoka miaka 18 hadi 15. Mwaka mmoja kabla yake, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa amezindua kampeni ya "Furaha Yangu", iliyowalenga wanaume kwa jina. Kilichobaki ni kuviona vijiti hivyo mahali vijana walipo, kwa bei wanayoimudu au bila bei: kwa msimamizi wa kijiwe cha bodaboda, kwa kinyozi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya mchangani, kwenye lile duka la dawa ambako tayari anakwenda kunong'ona neno UTI. Muuzaji wa duka hilo afundishwe pia kuuliza swali moja la ziada, na ajue kwamba ipo dawa ya dharura kwa aliyelala na mtu bila kinga jana usiku. Inatakiwa ianze ndani ya saa 72 na imezwe siku 28. Kwa kijana anayekuja Jumapili asubuhi kununua P2, saa hizo 72 bado hazijaisha.

Fedha ndiyo pingamizi litakalotajwa, na si pingamizi la uongo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nchi nyingi za Afrika ziligundua kwa siku chache ni kiasi gani mapambano haya yalikuwa yakilipiwa na wengine. Vidonge vya walio tayari kwenye dawa vilipiganiwa kwanza, na ilikuwa haki. Kazi za mitaani, waelimisha rika, wapimaji wanaotembea usiku kwenye baa na machimbo, ndizo zilizoyumba mapema. Yaani ni zile zinazomfikia mwanamume. Zikiachwa zife kimyakimya, hakuna atakayeandamana, kwa sababu anayenufaika nazo hajui kwamba anazihitaji.

Na sayansi haisubiri. Julai 2025, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwongozo wa lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa ya miezi sita kama imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyependa kliniki. Lakini kabla ya kuchomwa sindano ya kwanza lazima mtu apimwe ithibitike hana virusi. Tunarudi mlangoni palepale.

Halmashauri isiyo na fedha za kampeni inaweza kuanza na ratiba. Zahanati moja katika kila kata ifungue chumba kimoja kwa ajili ya wanaume, siku mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Mlango wake uwe wa upande wa barabara. Ndani awepo mhudumu mmoja anayepima VVU, kaswende na shinikizo la damu kwa pamoja, ili anayeonekana akiingia asijulikane kaingia kwa lipi. Nje pawe na nafasi ya kuegesha pikipiki.

Nafasi hiyo ya pikipiki isichukuliwe kama jambo dogo. Dereva wa bodaboda haachi chombo cha watu mahali asipokiona.